Pete ya Shaba Kwenye Gumba

“Aliyezoea kuvuta upote wa upinde kwa vidole vitatu hajifunzi gumba. Mbuzi atajifunza kabla yake.”

Maneno hayo aliyasema mzee wa Kikorea, mkuu wa uwanja wao wa mishale, siku ya kwanza niliposimama mbele yake na wenzake wanne. Aliyasema kwa Kikorea, akidhani sielewi. Nilimjibu kwa Kikorea hicho hicho, pamoja na heshima zote za lugha yao, kwamba mimi si mbuzi na kwamba miezi mitatu itanitosha. Wale wanne walitazama chini. Mzee hakutazama chini. Aliuliza lugha nimejifunzia wapi, nikamwambia kiwandani, akasema, “Inasikika.”

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana bucha kule Nakasero, hapa Kampala. Nilipomweleza kwamba nimepata mahali pa kupiga upinde wa Kikorea, alicheka mpaka akaweka panga chini.

“Mkorea,” ndivyo anavyoniita tangu niliporudi, “wewe nataka fukuza nini na mishale? Nyama iko hapa. Imekufa zamani, haiwezi kimbia.”

Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema tu kwamba mwanamume wa miaka arobaini na saba akianza mchezo mpya, anayeumia si yeye peke yake.

Niliwasikia wote. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwasikia watu wa namna hiyo, na wengi wao leo huja karakanani kwangu kuomba wapunguziwe bei.

Baba yangu alikuwa askari, na baba yake alikuwa askari, na aliyewatangulia aliletwa kutoka Sudani na Waingereza akiwa na bunduki begani. Vita vilipokwisha mwaka wa themanini na sita, baba alizika sare yake nyuma ya choo na hakuitaja tena mpaka alipokufa, na hakuchelewa kufa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliuza mkaa, nikabeba mizigo ya watu, nikavuka kwenda Nairobi, na huko nikajifunza kukereza vyuma, yaani kuvichonga vikizunguka kwenye mashine, kwa kumtazama Mhindi mmoja aliyekuwa akinitukana. Kisha nikapata njia ya kwenda Korea. Miaka kumi na minne nilisimama kwenye mashine mchana na kusoma jioni, na nikatoka na stashahada ya ufundi wa mitambo. Iko karakanani kwangu, chini ya mlima wa Kasubi, ndani ya kioo, juu ya mashine ya kukereza niliyoileta mwenyewe kwa meli. Sikupewa na mjomba.

Kule kiwandani nilijifunza pia upinde, ule wa kisasa wa vyuma, unaovutwa kwa vidole vitatu. Nilishika nafasi ya pili katika mashindano ya viwanda vya wilaya nzima. Niliporudi Kampala niliukosa upinde kuliko nilivyokosa kitu kingine chochote cha kule, na watu pekee waliokuwa na upinde ni hawa watano, wenye uwanja wao karibu na bwawa la mafunjo, mbele kidogo ya Kasubi. Lakini wao hupiga kwa njia ya kale, kwa kidole gumba.

Tofauti si ndogo. Kwa vidole vitatu, mshale hulala upande wa kushoto wa upinde, na mkono unaovuta husimama chini ya kidevu. Kwa gumba, unauzungushia upote kidole gumba, kidole cha shahada kinalikandamiza ukucha wake, mshale unalala upande wa kulia, juu ya gumba la mkono ulioshika upinde, nawe unavuta mpaka nyuma ya sikio. Kila kitu ambacho mwili wangu ulikijua kiligeuka kuwa adui. Nilipachika mshale kushoto kwa mazoea, gumba likaupindua, ukaanguka miguuni kwangu kama kijiti. Nilipokumbuka kuuweka kulia, nilisahau kutoa uso njiani, na upote ukanichapa sikio. Wiki ya pili nilirudi nyumbani na damu kwenye kola.

“Nani amekupiga?” mke wangu aliuliza.

“Mimi mwenyewe.”

“Basi mshitaki.”

Kulikuwa na desturi nyingine iliyonishinda kwa namna yake. Kabla ya mshale wa kwanza wa siku, kila mtu, hata aliyepiga upinde miaka arobaini, lazima aseme kwa sauti, “Ninajifunza upinde,” na wenzake wamjibu, “Mishale yako yote ipige shabaha.” Mzee mwenyewe aliyasema kila Jumamosi. Mimi niliyasema ndani ya meno. Sikuvuka bahari na kurudi na stashahada ili niwatangazie watu kwamba ninajifunza.

Mpaka hapo nilikuwa nikitumia upinde laini wa kujifunzia na mishale butu; kwa upinde wenyewe gumba haliwezi kuvuta upote likiwa tupu, linahitaji pete ya pembe ya kulilinda. Mzee alinipa kipande cha pembe ya ng’ombe kilichotobolewa tundu dogo, na tupa nyembamba ya mviringo. Alinieleza kwamba gumba la mtu si duara, ni bapa. Pete nzuri ina tundu la umbo la yai: huingia kwa ubavu, kisha unaigeuza robo mzunguko, nayo inashika bila kubana. Nitie tupa ndani kidogo, nivae, nivue, nitie tena. Mwezi mmoja.

“Mwezi mmoja wa kazi?” nilimuuliza. “Mimi mtu akiniletea kazi ya namna hii asubuhi, anaichukua kabla ya chai.”

“Hilo gumba ni lako,” alisema. “Fanya haraka upendavyo.”

Hapa lazima nieleze gumba la kulia ni nini kwa mtu wa kazi yangu. Fundi wa kukereza hupima kwa maikromita, lakini kabla ya maikromita hupima kwa gumba. Unalipitisha polepole juu ya chuma kilichotoka kwenye mashine, nalo linakuambia palipokwaruzika, palipobaki unywele mmoja, palipoliwa zaidi. Hakuna chombo cha dukani kinachosema upesi hivyo. Nyumba yangu, karo za watoto, mashine yenyewe, vyote vililipwa na gumba hilo.

Nikaenda nikalipima kwa kalipa, kile chombo cha kupimia unene, asubuhi, mikono ikiwa baridi. Nikachukua kipande cha shaba ya njano, nikakifunga kwenye mashine, na kwa dakika arobaini nikatoa pete ambayo sijaona nzuri kama ile. Ndani ilikuwa laini kama kioo. Ilisimama kwenye gumba bila kucheza hata kidogo. Mwenzangu wa karakanani, Mkongo aliyekimbia vita kutoka upande wa Bukavu na ambaye ni fundi hodari, ingawa hana cheti, aliishika kwenye mwanga wa mlango.

“Muzee, hii ni kazi,” alisema. “Hata bibi-arusi anaweza kuivaa.”

Hakuna kati yetu aliyesema jambo ambalo mtoto wa shule angeliona. Mashine ya kukereza haijui umbo jingine ila duara. Nilikuwa nimeambiwa gumba ni bapa, nikaitikia kwa kichwa, kisha nikaenda kwenye mashine pekee duniani isiyoweza kutengeneza kitu bapa, kwa sababu ndiyo mashine niliyoijua.

Jumamosi hiyo ndiyo niliyopewa mishale ya kweli. Kwa kuwa sikuwa na yangu, kila mmoja wa wale watano alitoa mmoja katika podo lake na kunipa kwa mikono miwili. Raundi moja ni mishale mitano. Ilikuwa ya mianzi, kazi ya mikono, na karibu na manyoya ya kila mmoja palikuwa na jina la mwenyewe kwa wino mweusi. Mzee alipotoa wake aliiona pete.

“Umetengeneza bomba,” alisema.

“Haikukosea hata sehemu ya mia ya milimita,” nilimjibu.

Shabaha yao iko mbali, mita mia moja arobaini na tano, ubao uliolala nyuma kidogo, na nyuma yake ni mafunjo matupu. Mshale wa kwanza ulipita juu ya ubao. Nilifurahi, maana ulifika. Wa pili ulipotoka, gumba lilikuwa limeanza kujaa. Jua lilikuwa la saa saba, damu ilikuwa imechemka, na ile pete iliyokaa vizuri asubuhi haikuwa na mahali pa kunipa. Kila nilipovuta, kingo zake ziliingia kwenye mbavu mbili za kidole. Wa tatu ukaenda kushoto. Ningesimama hapo. Mtu yeyote angesimama. Lakini nyuma yangu palikuwa na watu watano waliosikia habari ya miezi mitatu, nikapiga wa nne, nikapiga wa tano, na yote mitano ikaingia kwenye mafunjo.

Niliingia bwawani mpaka magotini. Wanawake wawili walikuwa wakikata mafunjo ya kusukia mikeka.

“Ssebo, bwana, unatafuta nini?” mmoja aliuliza.

“Mishale.”

“Ya kuua nani?”

“Ya mchezo, nnyabo.”

Walitazamana. “Huyu kazi yake imekwisha, sasa anacheza kwa matope,” alisema wa pili, lakini walinisaidia kutafuta. Hatukupata hata mmoja. Matope ya pale humeza kitu chembamba kama koo.

Nilirudi mbele ya wale watano huku mkono wa kulia uko mfukoni. Kwa desturi yao, aliyepoteza mshale wa mtu hulisema jambo hilo mbele ya mwenyewe akiwa amenyoosha mikono yote miwili. Mimi niliunyoosha mmoja. Nikasema nitalipa, watoe bei, nitalipa Jumatatu.

“Hatukukukopesha pesa,” alisema mzee.

Akaeleza kanuni kwa kifupi. Anayedaiwa mshale hasimami mstarini mpaka arudishe mshale wa kazi ya mikono yake. Kisha aliutazama mfuko wangu muda mrefu, akasema nikatafute maji baridi upesi. Nilimwambia sina shida yoyote.

Nilipanda boda boda mpaka karakanani, mkono ungali mfukoni. Mwenzangu ndiye aliyeutoa. Gumba lilikuwa na rangi ya biringanya, na shaba ilikuwa imezama ndani ya nyama. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta, tukajaribu kulifunga uzi. Pete haikutoka.

“Ulipima saa ngapi?” aliuliza.

“Asubuhi. Kabla ya chai.”

“Ile saa mutu iko mudogo,” alisema. “Weka mukono hapa. Usiangalie.”

Niliuweka mkono kwenye jiriwa langu mwenyewe, lile la kubania vyuma, akalikaza taratibu juu ya pete, akachukua msumeno mdogo wa chuma. Shaba niliyoichagua ilikuwa nene, kwa sababu sipendi kazi nyepesi. Msumeno ukichoma, alimwaga maji, akasubiri, akaanza tena. Alikata upande mmoja, halafu upande wa pili, maana haikupanuka.

“Kama inachoma, sema,” aliniambia.

“Haichomi.”

Alisimamisha msumeno. “Hata hapa?”

“Hata hapo.”

“Muzee,” alisema, “hapa niko nimegusa nyama.”

Ndipo nilipojua. Pete ilipoanguka vipande viwili sakafuni, gumba lilirudia rangi yake baada ya saa kadhaa, lakini hisia zake hazikurudi. Daktari wa zahanati ya jirani alilichoma kwa sindano pande zote na kunitaka nifumbe macho niseme nikisikia. Sikusema mahali popote. Alieleza kwamba mishipa ya hisia hupita kwenye mbavu za kidole, na nimeiponda yote miwili. Huenda itaamka kwa miezi sita. Huenda haitaamka.

Wiki iliyofuata nilikereza mhimili wa mashine ya kusaga mahindi ya mteja wangu wa siku nyingi. Nilipitisha gumba, gumba likasema safi. Ulirudishwa siku ya tatu ukiwa umekula beringi mbili. Nikatengeneza mwingine, nao ukarudishwa. Tangu hapo mwenzangu ndiye aliyepitisha kidole chake kwenye kila kazi iliyotoka mikononi mwangu, mimi mwenye stashahada nikisimama pembeni nikingoja aitikie kwa kichwa. Sikuwaambia wateja. Nyumbani nilishika kikombe cha chai kilichochemka mpaka mke wangu akanipokonya.

“Baba watoto, unanuka,” alisema. Ilikuwa ngozi yangu.

Mtu mwingine angeuacha mchezo. Mimi sikuuacha, na sisemi hivyo ili nisifiwe; ni kwamba nilikuwa nadaiwa mishale mitano na watu wa mataifa, na jina langu lilikuwa midomoni mwao. Nilianza upya tangu ile pembe na ile tupa. Nilitia tupa kidogo kidogo kila jioni. Kwa kuwa gumba halikuweza kuniambia panapobana, nilitazama rangi yake kila baada ya dakika chache, kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Haukuwa mwezi mmoja, ilikuwa miwili na nusu. Ilipokuwa tayari iliingia kwa ubavu, nikaigeuza, ikakaa. Kwa upinde wa kuazima na kijiti butu nilipiga gunia la majani nyuma ya karakana, hatua kumi. Sikio liliacha kuchapwa. Mkono ulijifunza kupita kidevu bila kusimama, na kijiti kilikaa kulia chenyewe. Jambo moja tu lilikataa: kuachia. Upote huachiwa kwa kulilegeza gumba, na gumba usilolisikia hulegea wakati wake, si wakati wako.

Mishale ilikuwa taabu kubwa zaidi. Mianzi niliipata kwa wauza fito za mapazia, nikaikausha juu ya jiko la mkaa na kuinyoosha kwa moto, kipande kwa kipande. Ncha za chuma nilizikereza mwenyewe na kuzitia hesi ili zifungwe na kufunguliwa, jambo ambalo hata Wakorea hawakuwa nalo. Manyoya yalitoka kwa karoli, yule ndege mrefu wa jalalani mwenye upara, anayesimama kwenye takataka za soko la Nakasero. Shemeji aliniokotea na hakuacha kunitania. Lakini mshale hupimwa unyoofu kwa kuuviringisha kati ya gumba na kidole, na hapo nilikuwa kipofu. Nilijaribu gumba la kushoto, halikuwa na elimu hiyo. Mwishowe nilitumia mdomo. Niliuviringisha muanzi taratibu kwenye mdomo wa chini, nao ulisikia kila kifundo.

“Njooni muone,” shemeji aliwaita wateja wake nilipopitia dukani na vipande vyangu, “Mkorea nabusu miti. Dada yangu yeye nalala njaa.”

Nilivunja, nikapinda, nikachoma zaidi ya hamsini. Ilinichukua mwaka mmoja kasoro siku chache kupata mitano ambayo ningethubutu kuandika jina la mtu juu yake. Miezi sita ya daktari ilikwisha katikati ya kazi hiyo na sikurudi kwake, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Jumamosi ya kuirudisha nilivaa suti. Uwanjani niliwakuta wanne. Nilimpa kila mmoja mshale wake kwa mikono miwili, nikamweleza kila mmoja jinsi nilivyompotezea wa kwanza. Waliiviringisha, wakaitazama kwa jicho moja, wakainama. Mmoja wao, mwanamke mwenye duka la nyuzi, aliulaza wake juu ya shali yake badala ya kuutia kwenye podo. Nikauliza mzee yuko wapi. Yuko hospitali ya Mulago, wakasema, kifua, wiki ya tatu sasa.

Nikaenda Mulago na mshale wa tano umefungwa kwenye gazeti. Mlangoni mwa wodi muuguzi aliufungua.

“Ssebo, silaha haiingii hapa.”

“Si silaha, nnyabo. Ni deni.”

“Deni lako lina ncha.”

Alikuwa na haki. Nilijaribu kuifungua ncha, gumba likateleza mara tatu, nikaikamata kwa meno na kuizungusha mpaka ikatoka. Nikamwachia muuguzi ncha, nikaingia na muanzi na manyoya.

Mzee alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilisimama mguuni pa kitanda, nikanyoosha mikono miwili, nikasema mshale wake niliupoteza kwa kiburi cha pete niliyoitengeneza kinyume na nilivyoambiwa, na huu ni badala yake. Aliupokea akiwa amelala. Aliuzungusha juu ya ukucha wake karibu na sikio.

“Mzito kidogo mkiani,” alisema. “Manyoya ya ndege gani?”

“Yule wa jalalani.”

“Anaruka?”

“Anaruka juu sana. Sura tu ndiyo mbaya.”

Alikohoa kwa muda. Kisha akaomba mkono wangu. Alilishika gumba na kulikandamiza kwa ukucha, kwa nguvu zote zilizobaki kwake, akinitazama usoni.

“Unasikia?”

“Sisikii.”

“Basi unaachia umechelewa.”

“Kwa hatua kumi sikosi.”

“Kwa hatua kumi hakuna anayekosa,” alisema. “Usisimame mstarini. Siku moja utamchoma aliye pembeni yako na hutajua kwamba umeachia.”

Ningeweza kubishana naye kwa Kikorea kizuri kuliko cha wajukuu zake. Sikubishana. Aliulaza mshale kifuani, juu ya shuka, akaweka mikono yote miwili juu yake, akasema umepokelewa.

Nilipitia kwa muuguzi nikachukua ncha, nikashuka kilima kwa miguu. Jioni ya siku ile hapakuwa na mtu Kampala nzima aliyenidai mshale.